Unyevu wa Kununua

Mama yangu alicheka mpaka akalazimika kukaa kitandani. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chake, karatasi ya bei mkononi, namweleza kwamba wiki ijayo atakuja fundi kutufungia mashine ya kutia unyevu katika hewa. Siyo ya chumba kimoja, ya nyumba nzima, kwa kupitia mabomba yale yale ya kiyoyozi.

"Unyevu?" aliuliza. "Unanunua unyevu? Kwa pesa?"

"Kwa pesa, mama."

"Yarabi tusitiri. Sisi Unguja tulikuwa tunapigana nao. Viatu vinaota ndevu kabatini. Chumvi haitoki koponi mpaka uigonge. Baba yako kila Ijumaa anaanika vitabu juani kama dagaa. Leo mwanangu anakwenda dukani kuununua! Ungelinambia mapema, ningelikuja nao kwenye sanduku."

Mimi sikucheka. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mtoto wake huyu hununua dawa kabla ya kuuliza ugonjwa, na katika miaka yangu hamsini na sita sikuwahi kumpa sababu ya kuyafuta maneno hayo. Kazini wananiogopa kidogo kwa tabia hiyo hiyo. Faili likikwama siulizi limekwama kwa nini, naagiza kabati jipya.

Lakini safari hii nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa damu.

Watu wa nje hudhani Maskati haina baridi, na kweli, ukitoka Ulaya utatucheka tunavyovaa masweta. Baridi yetu haiko kwenye kipimo cha joto, iko kwenye ukavu. Kiangazi bahari inatutolea jasho lake mpaka miwani inaingia ukungu ukitoka garini. Baridi ikiingia, zipo siku upepo unageuka, unatoka bara, unateremka kwenye majabali yaliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Wattaya, na unakausha kila kitu unachokikuta. Buibui linanasa mwilini na kutoa cheche. Midomo inapasuka. Milango ya mbao inalia usiku na mchana. Nyumba hii aliijenga baba tulipohamia kutoka Unguja, kabla barabara haijajaa maduka ya magari, akaifungia kiyoyozi kimoja kikubwa cha nyumba nzima, kitu ambacho majirani walikiona cha fahari. Mpaka leo feni yake inazunguka hata baridi, kwa sababu mama anasema bila mvumo wake hapati usingizi.

Mwaka huu nikaanza kuona matone ya damu kwenye mto wa mama. Mara moja, mara mbili, kisha asubuhi moja foronya nzima. Nikamkimbiza hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye subira, alimwangalia puani kwa taa na kusema kwamba ngozi ya ndani imekauka na kupasuka, imejaa magamba. Akatoa maji ya chumvi ya kusafishia na mafuta ya kupaka. Akaongeza kwamba hewa ya nyumbani itiwe unyevu. Mwengine angenunua kijimashine cha kuweka juu ya meza. Mimi kweli nilikinunua, na mama alikizima siku ya pili. Alikiita chetezo kisicho udi. Ndipo nikaagiza ile kubwa.

Hapo inanibidi nieleze habari ya pua ya mama yangu, maana bila hiyo mtu hataelewa kilichokuwa hatarini.

Mama anapika udi. Siyo wa biashara. Ni udi wa kwetu, wa sukari: vipande vya udi vilivyochemshwa katika shira, vikatiwa miski, ambari, zafarani na maji ya waridi kutoka Jabali, milimani kwenye mashamba ya mawaridi, vikakaushwa na kufungiwa kwenye kopo. Hana mizani wala karatasi. Anapima kwa vidole na kuamua kwa pua. Siri yote iko kwenye sukari. Kuna wakati mmoja, mfupi mno, inapokuwa imeiva na haijaungua, na wakati huo hauonekani kwa macho kwa sababu rangi inadanganya. Unasikika kwa harufu tu. Mama anainua kichwa, anasema "Toa!", na sufuria inatoka motoni. Wanawake wa Maskati nzima, nasema nzima bila ya haya, walikuwa wakimletea udi walionunua sokoni Matrah awaambie kama wameibiwa.

Na pua hiyo ndiyo iliyonilea. Nikirudi shule nilikuwa nikimbusu mkono, naye hunivuta kichwa kwa masikio mawili, ananusa utosi, na kunisomea siku yangu. "Umekula achari ya embe." "Umekaa karibu na yule mtoto wa mafuta ya nazi." Nilipokuwa mkubwa hakuacha. Nikitoka kazini, mtu mzima na funguo za gari mkononi, nainama, ananusa. "Leo umepita Qantab kununua samaki, usinidanganye umetoka ofisini moja kwa moja." Siku niliyofiwa na mume wangu alininusa muda mrefu asiseme kitu. Wengine husalimiwa kwa maneno. Mimi nimesalimiwa hivyo maisha yangu yote.

Tangu baridi hii iingie, aliacha. Nilimbusu mkono, akasema "Marahaba, mwanangu," na mkono ukarudi mapajani. Siku ya kwanza nilidhani amesahau. Wiki ya pili niliamini amenikasirikia. Nikapitia makosa yangu yote, na, Mungu anisamehe, orodha haikuwa fupi. Labda ni kwa sababu nilimwajiria mtu wa kufua. Labda ni ile siku niliyomjibu vibaya mbele ya wageni. Sikumuuliza. Nilimnunulia shali.

Na juu ya hayo kulikuwa na harusi. Binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa mwezi wa pili, na kwetu bibi harusi hatoki nyumbani bila udi wa bibi yake mzaa mama. Nguo zake zinafukizwa, moja moja, kabla ya kuingia sandukuni, na kopo moja linakwenda naye. Udi wangu aliupika bibi yangu. Wa mabinti wa dada zangu aliupika mama. Huyu alikuwa mjukuu wa mwisho wa kike, na mama alikuwa akiingojea kazi hiyo tangu mtoto yuko shule ya msingi.

Fundi alikuja siku ya Jumamosi. Alikuwa Mkenya wa makamo, mpole, mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu, amekaa Maskati miaka kiasi cha kuchanganya lugha tatu bila kujijua. Mashine aliifunga stoo, mwisho wa ukumbi, kwenye bomba la bati linalopitisha hewa. Ni sanduku la plastiki lenye beseni ndani, na pedi ya duara inayozunguka ndani ya maji kama gurudumu. Maji yanaingia yenyewe kutoka tangi la darini. Hewa inapita kwenye pedi, inachukua unyevu, inausambaza vyumba vyote. Mama aliletewa kiti ashuhudie.

"Mama, hii kazi yako ni kuangalia tu," fundi alimwambia. "Maji ikipungua, inajijaza. Mafi mushkila, hakuna shida. Kila wiki mbili unafungua hii kifuniko, unaosha na siki, khalas."

"'Maji ikipungua'," mama alirudia kwa uchungu. "Mwanangu, maji hupungua. Yanapungua. Nani kakufunza Kiswahili wewe?"

"Ni wewe sasa utanifunza, mama."

"Ntakufunza. Na hiyo hewa itanukia nini?"

"Hainuki kitu. Ni maji tu. Usiweke kitu ingine, hata perfyumu. Ukiweka, pedi inaharibika, inaota ukungu, na hiyo ukungu ndiyo mtavuta."

Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna harusi isiyo na wali. "Moshi unaingia vyumba vyote na haunukii kitu," alisema. "Nyumba haifukizwi maji matupu." Fundi alicheka, akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Nilitundika kipimo cha unyevu ukumbini, kijisaa kidogo chenye namba, na nikaanza kukisoma kila nikipita kama mtu anayengoja mwezi wa Idi. Siku ya kwanza kilisema ishirini na mbili. Siku ya tatu thelathini na tano. Wiki ilipoisha kilikuwa kimevuka arubaini, na nyumba ilibadilika kweli. Milango iliacha kulia. Kucha zangu ziliacha kukatika. Asubuhi moja vioo vya jikoni vilikuwa vimetoa jasho, na mama akapitisha kidole, akaniinulia. "Haya. Umeileta Unguja." Nilitaka anicheke zaidi. Foronya zake zilikuwa safi. Nikajiona nimeshinda.

Lakini mkono wake uliendelea kurudi mapajani.

Na mambo mengine yakaanza kunikera. Maziwa yalifurika jikoni yeye amekaa hapo hapo mezani anachambua mchele. Kisha nikakuta kwenye jaa sufuria ndogo, nzuri, imefungwa gazeti, ndani yake sukari nyeusi tii, iliyokuwa makaa. Baada ya siku mbili nikakuta ya pili. Mama aliyepika udi kwa miaka sitini anaunguza sukari mara mbili! Nilisema moyoni, uzee umebisha hodi. Ilinitia huzuni, na mimi huzuni ikiniingia naanza kupanga. Nikamwambia binti yangu jikoni kwamba safari hii tutanunua udi tayari, kuna duka zuri Matrah, tusimchoshe bibi. Tutautia kwenye kopo lake la zamani, hakuna atakayejua.

"Bibi atajua," alisema binti yangu.

"Bibi amechoka," nilisema.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama ukumbini na bilauri yake ya maji. Alipita, akaenda chumbani kwake.

Siku ya pili yake nilirudi kazini saa tisa za alasiri. Nilifungua mlango wa mbele na harufu ya maji ya waridi ikanipiga usoni. Harufu ile, nzito kiasi kile, imejaa ngazi na mapazia, niliisikia katika nyumba hii mara moja tu, siku tuliyomwosha baba na sanda yake ikarashiwa waridi. Niliita "Mama!" kwa sauti ambayo sikuitambua. Kiatu kimoja kilibaki kizingitini.

Alikuwa ukumbini, kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, mzima kabisa.

"Vipi?" aliniuliza. "Umeona jini?"

"Umetia nini kwenye mashine?"

"Nimetia mawaridi kidogo. Lakini maji ya siku hizi ya uwongo mtupu, hata hayanukii."

"Kidogo kiasi gani?"

Alitazama pembeni. "Chupa tatu."

Chupa tatu. Tena zile kubwa za kioo zilizoteremshwa kutoka Jabali kwa ajili ya harusi. Khofu yangu yote iligeuka hasira, kwani pa kwenda palikuwa hapo tu. Nilimwambia ameniharibia mashine. Nilimwambia fundi alimkataza kwa lugha anayoielewa. Nilimwambia, na hili ndilo ninaloomba msamaha mpaka leo, kwamba kuishi naye ni kama kulea mtoto. Mama alisimama polepole, akasema, "Mwenyezi Mungu akuweke," akaingia chumbani na kufunga mlango. Chakula alikula huko.

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata. Alipofungua kifuniko alirudi nyuma hatua mbili akapiga chafya. Pedi ilikuwa imeshaanza kuota utelezi.

"Madam, hii si maji," alisema. "Hii ni harusi."

Nilijaribu kucheka. Aliitoa pedi, akaanza kusugua beseni kwa siki, mimi nimemshikia ndoo na kumlalamikia mama yangu bila ya aibu: nimemwambia, haskii, kaangalia chupa ya kwanza haitoshi, katia ya pili, katia ya tatu, na bado anasema haina harufu. Fundi aliacha kusugua. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuingilia ya watu.

"Bado alisema haina harufu?"

"Ndiyo."

"Kwani, madam, mama hasikii harufu?"

Nilibaki na ndoo mkononi. Mtu aliyekutana na mama yangu mara moja tu aliuliza swali ambalo mimi, ninayelala chumba cha pili, sikuliuliza miezi miwili. Maziwa. Sukari. Mkono kurudi mapajani. Yote yalikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nasoma namba ukutani.

Nilibisha hodi mlangoni kwa mama kama mgeni. Alikuwa amekaa kitandani, shali niliyomnunulia mabegani.

"Mama, tangu lini?" niliuliza.

Angeweza kusema "tangu lini nini?" Mama hodari sana wa hayo. Lakini alinitazama, akavua miwani.

"Tangu baridi ilipoingia. Mwanzo damu. Halafu kimya. Siku moja nnamimina kahawa, nkaona moshi unapanda, kahawa siisikii. Nkasema mafua. Nkangoja mafua yaishe."

"Kwa nini hukunambia? Hukumwambia daktari?"

"Ningemwambia ungesikia, na ungekwenda kuninunulia pua."

Nilicheka na kulia pamoja, jambo ambalo si zuri kulitazama. Nikamwuliza kuhusu chupa.

"Nlikusikia jikoni," alisema. "Udi wa dukani, kwenye kopo langu. Nkasema, hebu nijaribu. Fundi kasema hewa inaingia vyumba vyote. Nkatia chupa ya kwanza, nkakaa, nkavuta pumzi. Sikusikia. Nkatia ya pili. Ya tatu nlitia kwa hasira, wallahi, kama mtu anagonga mlango anajua wamo ndani na hawataki kufungua."

Mama huyu ndiye aliyetufunza sote kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa akiwaambia majirani wenye sukari, wajukuu wenye homa, kila mtu. Nilimkumbusha. Akasema methali ni za kuwaambia wengine.

Nilitaka kuishia hapo, lakini lilibaki moja. "Na mimi, mama? Mbona umeacha kuninusa? Nilidhani umenikasirikia."

Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya shali.

"Nkuvute kichwa, nnuse, nisikupate?" alisema. "Ntafanya nini mimi, mwanangu? Bora nisijue."

Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani mwake, pale pale mkono ulipokuwa ukirudi kila siku, na nikakaa mpaka fundi akaita kutoka ukumbini kwamba amemaliza.

Tulirudi kwa daktari, safari hii tukisema kweli. Hakutuahidi kitu. Alisema ukavu ukiisha na magamba yakitoka huenda ikarudi, huenda ikarudi nusu, na umri nao una haki yake. Tuoshe pua kwa maji ya chumvi, tupake mafuta, hewa isikauke, tungoje. Tungoje! Neno hilo halimo dukani.

Kwa hiyo tukangoja. Nilikuwa nikifungua ile mashine kila wiki, siyo kila wiki mbili, nikaisugua kwa siki mpaka mikono ikaninukia achari. Pedi mpya ilizunguka ndani ya maji matupu, yasiyo na harufu, na hewa yake laini ilipita vyumba vyote. Mama hakuizungumza vibaya tena. Alfajiri nilimkuta mara nyingine amesimama chini ya tundu la hewa la ukumbini, kichwa amekiinua, macho amefumba. Nilirudi nyuma kimyakimya asinione. Kila asubuhi nilitaka kumwuliza, na kila asubuhi nikajizuia, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Wiki mbili kabla ya harusi, pua ilikuwa bado kimya, na udi haungojei. Mama akaniita jikoni. Alikuwa ameshapanga kila kitu mezani: sukari, vipande vya udi, vichupa vyake, na chupa ya mwisho ya maji ya waridi iliyosalimika.

"Vaa eproni," alisema. "Leo mimi mkono, wewe pua."

Nilimwambia sijui. Kweli sikujua. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kunuswa, sikuwahi kujifunza kunusa. Akasema hakuna aliyezaliwa anajua, na niache kujitetea.

Alikoroga yeye, kwa mwiko wa mbao, mimi nimeinama juu ya sufuria, mvuke unaniingia machoni. Kila mara aliuliza, "Inanukia nini?"

"Sukari."

"Sukari si jibu. Inanukia nini?"

"Kama... halua. Halua ikiwa bado nyepesi."

"Bado. Sasa?"

"Kama ganda la mkate wa sinia."

"Bado. Usitazame rangi, rangi muongo. Sasa?"

Nilifumba macho. Kulikuwa na kitu kimebadilika, kama ukali mdogo uliochungulia nyuma ya utamu kisha ukajificha. Sikuwa na jina lake. Niliona tu nimerudi mdogo, nimesimama jikoni pale pale, na mama anainua kichwa.

"Toa!" nilipiga kelele. "Mama, toa!"

Akatoa. Tulitazama ndani ya sufuria, vichwa vikigusana. Ilikuwa rangi ya asali ya nyuki, safi, haijaungua hata pembeni. Mama alinipiga kofi dogo mgongoni, akasema, "Kumbe umo." Sijawahi kupandishwa cheo nikafurahi hivyo.

Kisha zikaja zamu za marashi, na hapa nina la kukiri. Alinambia zafarani vidole vitatu. Nilikuwa bado nacheka kwa furaha, nikakiinamisha kibati chake kilichokuwa wazi, ikaingia zaidi. Tena zaidi sana. Yeye alikuwa amegeuka anafuta mwiko. Ningesema. Lakini nilifikiri, udi umeshaiva vizuri, yeye hasikii, kwa nini nimtie unyonge? Nikakoroga haraka, zafarani ikazama. Basi na mimi nikawa mficha maradhi.

Siku ya kufukiza nguo ilikuwa siku moja kabla ya harusi, asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya ukumbi. Binti yangu alinipa nguo moja moja, mimi nikazitandaza juu ya susu, lile tenga la kufukizia nguo, chetezo chini yake, na moshi ukapanda. Ulinukia vizuri sana. Mtu yeyote angesema ni udi wa bibi yake. Mimi peke yangu niliisikia zafarani, imekaa mbele ya kila kitu kama mgeni asiyejua nafasi yake, na kila mara niliona aibu. Tulipomaliza, nywele zangu na nguo zangu zote zilikuwa zimeshiba moshi.

Nilikwenda chumbani kwa mama kumwambia sanduku limefungwa. Alikuwa amekaa dirishani. Niliinama, nikambusu mkono, na nikaanza kujiinua kama nilivyozoea miezi ile yote.

Mikono yake miwili ikanishika masikio.

Sikupumua. Alinivuta kichwa chini, akaweka pua utosini, na akavuta pumzi, taratibu, mpaka mwisho. Kutoka stoo niliisikia pedi ikizunguka ndani ya maji yake. Akavuta tena. Nilianza kuomba, sijui nilikuwa naomba nini.

"Zafarani," alisema mama. Sauti yake ilikuwa kali, na ilikuwa inatetemeka. "Nlikwambia vidole vitatu. Wewe mtoto, umezidisha zafarani."

Nikamwambia ndiyo, mama, nimezidisha, nisamehe. Na nikabaki pale pale nimeinama, ili anuse tena.